Kusomea Uzamili wa Kufundisha Wanafunzi Wenye Lugha Nyingi: Mwongozo kwa Mwalimu Aliyeko Kazini

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwalimu ambaye tayari ana shahada ya kwanza, tayari anafundisha, na darasani mwake wamo wanafunzi ambao lugha ya nyumbani kwao si lugha ya kufundishia. Mwalimu huyo amekwisha kuona kwamba mbinu alizofunzwa chuoni hufika mahali zikakwama, na sasa anafikiria kurudi masomoni ili asomee stashahada au shahada ya uzamili inayohusu wanafunzi wa aina hiyo. Hatua zilizomo humu zinaanzia kabla ya kujaza fomu ya udahili na kuishia katika muhula wa kwanza baada ya kuhitimu. Zimepangwa kwa mfuatano kwa sababu kila moja huitegemea iliyotangulia, ingawa uzito wake haulingani: nyingine ni kazi ya jioni moja, na nyingine ni kazi ya miaka miwili.

Msimamo wangu niuseme mapema, kwa kuwa umeathiri kila ushauri ninaoutoa. Masomo haya humfaa zaidi mwalimu anayeingia na swali lake mwenyewe alilolitoa darasani. Asiye na swali hupewa maswali ya watu wengine, akayajibu vizuri, akafaulu, kisha akarudi kwa wanafunzi wake akifundisha vilevile alivyokuwa akifundisha.

Hatua ya 1: Weka daftari la darasa kabla ya kuomba nafasi

Tenga daftari moja na ulitumie kwa muhula mzima. Katika sehemu ya kwanza, mpe kila mwanafunzi ukurasa wake na uandike anasikia lugha zipi nyumbani, anazungumza ipi na nani, anaweza kusoma na kuandika kwa ipi, na alianza kukutana na lugha ya kufundishia akiwa na umri gani. Ongeza swali ambalo walimu wengi hulisahau: je, aliwahi kusoma shuleni kwa lugha nyingine, na kwa miaka mingapi? Mtoto wa miaka 12 aliyesoma madarasa matano kwa lugha yake anajua tayari maana ya aya, ramani, sehemu za hesabu na jedwali, na anachohitaji ni majina mapya ya vitu anavyovijua. Mtoto wa umri huohuo ambaye hakuwahi kukaa darasani anahitaji vitu na majina yake kwa pamoja. Katika orodha za shule wote wawili huandikwa kwamba hawajui lugha, na kwa sababu hiyo hupewa msaada uleule, ambao mara nyingi haumfai hata mmoja wao.

Katika sehemu ya pili ya daftari, andika nyakati ambazo lugha ilikwamisha somo, hasa pale ulipodhani kwamba tatizo ni la somo lenyewe. Nitatoa mfano ulionifungua macho mimi mwenyewe. Mwanafunzi wangu mmoja aliulizwa atafute tofauti kati ya 15 na 9, naye akaandika kwamba 15 ina tarakimu mbili na 9 ina tarakimu moja. Nilimwekea alama ya kosa nikaendelea na daftari lililofuata. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba jibu lake lilikuwa sahihi kabisa kwa maana ya neno tofauti inayotumika kila siku, na kwamba sikuwa nimewahi kumfundisha kuwa katika hisabati neno hilo linadai kutoa. Neno kazi lina mtego wa namna hiyo katika fizikia, kwa kuwa mtu aliyesimama tuli amebeba mzigo mzito, kwa kipimo cha fizikia, hafanyi kazi yoyote juu ya mzigo ule, jambo ambalo mwanafunzi hawezi kulikubali mpaka aelezwe kwamba neno limebadilishiwa maana. Matukio ya namna hii ndiyo yanayozaa maswali ya utafiti.

Mwishoni mwa muhula, pitia daftari na ulitoe swali moja. Swali kama vile kwa nini wanafunzi wangu hawaelewi ni pana mno, na halikuelekezi pa kuanzia. Swali linalofaa huonyesha ni nani, ni kazi gani na ni katika mazingira yapi: kwa mfano, kwa nini wanafunzi wanaoweza kueleza jaribio la sayansi vizuri kwa mdomo, wakiwa wawili wawili, huandika sentensi mbili tu wanapotakiwa kuandika ripoti ya jaribio hilohilo? Swali hilo utalibeba hadi kwenye tasnifu, kwa hiyo usione taabu kuliandika upya mara kumi.

Hatua ya 2: Fahamu aina ya mafunzo unayoyaomba

Mafunzo ya uzamili kwa walimu huja kwa sura kadhaa. Ziko kozi fupi za cheti zinazoongezwa juu ya sifa ulizonazo, ipo stashahada ya uzamili, ipo shahada ya uzamili inayotegemea kozi na mitihani, na ipo ile ambayo uzito wake mkubwa uko katika utafiti na tasnifu. Ikiwa nia yako ni kubaki darasani, programu yenye kozi pamoja na mazoezi ya kufundisha yanayosimamiwa itakufaa kuliko ile ya utafiti mtupu. Ikiwa unatazamia kufundisha walimu wenzako au kuendelea na shahada ya uzamivu, tasnifu haiepukiki.

Mambo mawili huwapotosha waombaji. La kwanza ni kuchanganya shahada na leseni: katika nchi nyingi chuo hutoa shahada, lakini kibali cha kufundisha, au nyongeza ya kibali hicho kwa ajili ya kufundisha wanafunzi wenye lugha nyingi, hutolewa na mamlaka nyingine yenye masharti yake. Uliza kwa maandishi kama programu inakidhi masharti hayo mahali unapokusudia kufanya kazi. La pili ni kulinganisha krediti, yaani vizio vya kupimia uzito wa kozi, za nchi tofauti kana kwamba ni kipimo kimoja. Katika mfumo wa Ulaya mwaka mmoja wa masomo ya muda wote ni krediti 60, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, ilhali nchini Marekani shahada nzima ya uzamili ya ualimu mara nyingi huwa na krediti 30 hadi 36. Nambari ndogo haimaanishi masomo mepesi, bali ni kwamba krediti zenyewe huhesabiwa kwa njia nyingine. Linganisha saa za kazi, si idadi ya krediti.

Hatua ya 3: Usome mtaala wenyewe, usiishie kwenye jina la programu

Programu zenye majina yanayofanana huweza kutofautiana sana. Omba muhtasari wa kila kozi na uusome ukiwa na daftari lako mkononi, ukijiuliza kama humo mna kitu kitakachokusaidia kujibu swali lako. Kuna maeneo ambayo, kwa maoni yangu, programu isiyoyagusa haistahili miaka yako.

Eneo la kwanza ni isimu, yaani taaluma ya lugha, ya kutosha. Mwalimu hahitaji kuwa mwanaisimu, lakini anahitaji kujua fonolojia (mfumo wa sauti), mofolojia (muundo wa maneno) na sintaksia (muundo wa sentensi) kiasi cha kutambua kwamba kosa la mwanafunzi lina utaratibu. Mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiswahili akichanganya viwakilishi vya mwanamume na vya mwanamke anapozungumza Kiingereza, asidhaniwe kuwa ni mzembe, kwa sababu neno yeye katika Kiswahili halitenganishi jinsia. Mwalimu anayelijua hilo husahihisha kwa maelezo mafupi, na asiyelijua hukaripia. Eneo la pili ni namna lugha ya pili inavyopatikana na kujifunzwa, jambo linalotofautiana kwa mtoto wa miaka mitano na kijana wa miaka kumi na sita. Eneo la tatu ni kusoma na kuandika katika lugha zaidi ya moja, pamoja na hali ya mwanafunzi anayehama kutoka mfumo mmoja wa maandishi kwenda mwingine, kwa mfano kutoka hati ya Kiarabu kwenda hati ya Kilatini.

Yaangalie pia maeneo ya upimaji, ya ushirikiano na familia, na ya sera na sheria. Walimu wengi huiona kozi ya sera kuwa kavu, nami nilikuwa miongoni mwao, lakini ndimo unamojifunza kutetea mwanafunzi kwa hoja. Mwaka 1953 UNESCO ilitoa ripoti iliyoeleza kwamba lugha bora ya kumfundishia mtoto ni lugha yake ya mama. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyohusu wanafunzi wenye asili ya Kichina mjini San Francisco, iliamua kwamba kuwapa wanafunzi wote majengo, vitabu, walimu na mtaala uleule si usawa, ikiwa baadhi yao hawaielewi lugha inayotumika. Mwalimu anayeambiwa na mkuu wake kwamba kumpa mwanafunzi mmoja maelezo ya ziada ni upendeleo atapata katika hoja hiyo jibu lililokwisha kupimwa mahakamani.

Mwisho, uliza juu ya mazoezi ya kufundisha: ni ya saa ngapi, yanasimamiwa na nani, na msimamizi huja darasani mara ngapi. Programu inayofundisha yote kwa mihadhara, hata ikiwa na wahadhiri mashuhuri, itakuachia pengo usiloweza kuliziba kwa kusoma vitabu.

Hatua ya 4: Andaa maombi yako

Barua ya nia ndiyo kiini cha maombi, na daftari lako limeshakuandalia maudhui yake. Usianze kwa kueleza jinsi unavyoipenda kazi ya ualimu, kwa sababu kila mwombaji huandika hivyo. Anza na tukio moja la darasani, eleza ulivyolielewa wakati ule, eleza lilikuachia swali gani, kisha onyesha ni kozi zipi za programu hiyo zinazogusa swali hilo. Kurasa mbili zinatosha. Kwa upande wa wadhamini, mtu aliyekuona ukifundisha ni bora kuliko mtu mwenye cheo aliyekusikia tu, na inafaa umpatie nakala ya barua yako mapema ili maelezo yake na yako yaende pamoja. Ikiwa chuo kinadai mtihani wa lugha, ujisajili mapema, kwa kuwa matokeo ya mitihani mingi ya namna hiyo huwa na muda maalumu wa kutambuliwa.

Hatua ya 5: Soma nadharia chache kwa kina, na uzipime darasani

Katika muhula wa kwanza mwanafunzi wa uzamili humwagiwa nadharia nyingi kwa mpigo. Nashauri ushike chache na uziishi kwa wiki kadhaa kila moja, badala ya kuzikariri zote kwa ajili ya mtihani.

Anza na Jim Cummins, mtaalamu wa Kanada, ambaye mwaka 1979 alitenganisha lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya kitaaluma. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba mwanafunzi huweza kuimudu lugha ya mazungumzo kwa takriban miaka miwili, lakini huhitaji miaka mitano au zaidi kuwafikia wenzake katika lugha ya kitaaluma. Faida yake kwa mwalimu ni kubwa, kwani mwanafunzi anayepiga soga vizuri uwanjani huondolewa msaada mapema, kisha huonekana mvivu anaposhindwa kuandika insha ya historia. Ujue pia kwamba utenganishaji huo umekosolewa na wataalamu wanaohofia kuwa unaishusha hadhi lugha ya nyumbani, na usome hoja zao. Cummins alifundisha vilevile kwamba ujuzi wa msingi wa lugha mbili hutegemeana: aliyejifunza kufupisha habari kwa lugha moja hahitaji kuanza upya kujifunza kufupisha kwa lugha ya pili.

Hapo uingie kwa Wallace Lambert, ambaye katikati ya miaka ya 1970 alieleza kwamba lugha ya pili inaweza kuongezwa juu ya ya kwanza, au inaweza kuimeza ile ya kwanza, na kwamba tofauti hiyo hutokana na jinsi jamii na shule zinavyoithamini lugha ya mwanafunzi. François Grosjean naye alisisitiza kwamba mtu mwenye lugha mbili si watu wawili wa lugha mojamoja waliowekwa ndani ya mwili mmoja, kwa hiyo si haki kumpima kila upande kwa kipimo cha mtu wa lugha moja. Hoja hizo mbili zikikukaa vizuri, utaelewa kwa nini huko Wales Cen Williams alibuni, katika miaka ya 1990, mbinu ambayo wanafunzi walipokea habari kwa lugha moja na kuitolea maelezo kwa lugha nyingine, na kwa nini Ofelia García aliipanua fikra hiyo ili ihusu namna watu wenye lugha nyingi wanavyozitumia lugha zao zote kama hazina moja.

Kisha ziweke pamoja hoja za Stephen Krashen na za Merrill Swain. Krashen alishikilia kwamba lugha hupatikana mtu anapopokea maneno anayoyaelewa yaliyo juu kidogo ya kiwango chake. Swain aliwachunguza wanafunzi wa Kanada waliofundishwa masomo kwa Kifaransa kwa miaka mingi, akaona kwamba waliielewa lugha vizuri sana lakini walikuwa bado na upungufu mkubwa wa kisarufi katika kusema na kuandika, na mwaka 1985 akatoa hoja kwamba kuizalisha lugha ni sehemu ya kujifunza. Fungua daftari lako na uhesabu ni sentensi ngapi kila mwanafunzi alizitamka katika somo lako la mwisho. Mimi nilipofanya hivyo, nilikuta wanafunzi wanane ambao hawakuwa wametamka hata moja.

Hatua ya 6: Jifunze kuandaa somo lenye malengo mawili

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo ninapoomba utumie muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote. Kila somo liwe na lengo la maarifa na lengo la lugha. Chukua somo la kuyeyusha chumvi katika maji ya viwango mbalimbali vya joto. Lengo la maarifa ni kwamba mwanafunzi aeleze jinsi joto linavyoathiri kasi ya kuyeyuka. Lengo la lugha haliwezi kuwa kwamba ajifunze msamiati wa sayansi, maana hilo halipimiki. Liandike hivi: mwanafunzi ataeleza uhusiano wa mambo mawili kwa muundo wa kadiri na ndivyo, na ataandika hatua za jaribio kwa kauli ya kutendwa.

Lengo la pili linahitaji maelezo. Mwanafunzi anapozungumza husema, mimi na mwenzangu tukatia chumvi tukakoroga. Ripoti inamtaka aandike kwamba chumvi ilitiwa, kisha mchanganyiko ukakorogwa. Mtendaji ameondolewa, na mfuatano wa kauli umebadilika. Vivyo hivyo, lugha ya vitabu hugeuza vitenzi kuwa nomino: watu wamehama huwa uhamaji wa watu, mimea inakua huwa ukuaji wa mimea, kisha nomino hizo hubebeshwa hoja nzima. Mwanafunzi anayeifahamu lugha ya mazungumzo peke yake huuona ukurasa wa namna hiyo kama ukuta. Ukimwonyesha mlango mmoja, yaani kitenzi kilichofichwa ndani ya nomino, ataanza kuifungua mingine mwenyewe.

Baada ya malengo, panga msaada. Watafiti Wood, Bruner na Ross walipotumia mwaka 1976 mfano wa jukwaa la wajenzi kuelezea msaada wa mwalimu, walilenga kitu ambacho huwekwa ili jengo lipande na huondolewa jengo linapoweza kusimama. Vianzio vya sentensi, michoro, orodha ya maneno yenye picha, mazungumzo ya wawili wawili kwa lugha ya nyumbani kabla ya kuandika kwa lugha ya kufundishia, yote hayo ni majukwaa. Walimu wanafunzi hukosea kwa njia mbili: huyaacha yadumu mwaka mzima, au hurahisisha maudhui yenyewe badala ya kuongeza msaada. Kumpa mwanafunzi wa darasa la nane kitabu cha darasa la tatu ni kumnyima somo lake. Andika kwenye andalio ni lini kila msaada utaondolewa na utajuaje kwamba wakati umefika.

Kila andalio unalowasilisha chuoni liwe la darasa lako halisi. Wahadhiri wengi hukubali ukiwaomba, na kazi moja itakufaa mara mbili.

Hatua ya 7: Jizoeze kutenganisha kipimo cha lugha na kipimo cha somo

Mtihani wowote wa maandishi ni mtihani wa lugha pia. Katika kozi ya upimaji, chukua mtihani wako mmoja wa zamani na upige mstari chini ya kila neno na kila muundo ambao mwanafunzi angeweza kushindwa kuuelewa bila ya kukosa maarifa unayoyapima. Kisha uandike upya maswali hayo, ukihifadhi ugumu wa somo. Jifunze pia kusoma viwango vya umilisi, yaani vya kuimudu lugha, vinavyotumika mahali pako. Mfumo wa Baraza la Ulaya uliochapishwa mwaka 2001, wenye viwango sita kuanzia A1 hadi C2, umeenea mno, lakini ulitayarishwa zaidi kwa ajili ya lugha za kigeni na watu wazima, kwa hiyo usiutumie peke yake kumhukumu mtoto anayejifunza jiografia.

Suala zito zaidi ni mwanafunzi anayedhaniwa kuwa na ulemavu wa kujifunza. Wapo wanaopelekwa kwenye elimu maalumu kwa sababu tu hawajaimudu lugha, na wapo wenye ulemavu halisi wanaosubirishwa kwa miaka wakiambiwa kwamba lugha itakuja. Swali la kwanza la kuuliza ni kama ugumu huo unaonekana katika lugha zake zote. Mtoto anayesimulia hadithi ndefu na yenye mpangilio kwa lugha ya nyumbani, lakini akashindwa kwa lugha ya shule, ana hali tofauti na yule ambaye hata mama yake anasema hakumbuki maneno. Upimaji ufanywe kwa msaada wa mtu anayeijua lugha hiyo, na mtoto mwenyewe asigeuzwe mkalimani wa kikao kinachomjadili yeye.

Hatua ya 8: Tumia mazoezi ya kufundisha kujisikiliza

Omba kupangwa na mwalimu mlezi anayefundisha wanafunzi wenye lugha nyingi pamoja na wengine katika darasa moja, kwa kuwa hivyo ndivyo shule nyingi zilivyo. Rekodi sauti ya masomo yako kwa idhini ya shule na uisikilize ukiwa na saa. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alionyesha kwamba walimu wengi humsubiri mwanafunzi kwa takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza swali, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi majibu hurefuka na wanaojibu huongezeka. Mwanafunzi anayelisikia swali kwa lugha moja, akalipatia jibu kwa lugha nyingine, kisha akalitafsiri kimoyomoyo, anazihitaji sekunde hizo kuliko mtu yeyote. Ukimya huo hutisha mwanzoni, kwa hiyo uhesabu vidole mpaka uuzoee.

Katika kipindi hichohicho, zungumza na familia. Waulize watoto wao hufanya nini nyumbani kwa lugha yao: wanahesabu, wanasimulia, wanasoma kitabu cha dini, wanamsaidia mzazi kuandika barua? Usiwashauri kamwe waache kuzungumza lugha yao na mtoto ili aijue ya shule. Ushauri huo bado hutolewa, na mzazi anayeutii hubaki akizungumza na mwanawe kwa lugha asiyoimudu, hivyo mtoto hupoteza mazungumzo yenye kina ambayo yangemjengea maarifa.

Hatua ya 9: Andika tasnifu kutokana na swali lako

Ikifika zamu ya pendekezo la utafiti, rudi kwenye swali la Hatua ya 1. Utafiti-tendaji unafaa sana kwa mwalimu aliyeko kazini: unabadilisha jambo moja katika ufundishaji, unakusanya data kwa wiki kadhaa, unachambua, unarekebisha, unarudia. Usibadilishe mambo matatu kwa pamoja, kwa maana hutajua lipi lilileta matokeo. Kwa swali la ripoti za sayansi, jambo hilo moja laweza kuwa dakika kumi za kulinganisha maelezo ya mdomo na ya maandishi kabla ya kila ripoti, na data zikawa ripoti zenyewe pamoja na rekodi za mazungumzo.

Maadili ya utafiti yana uzito wa pekee hapa, kwa kuwa wewe ndiye unayewapa wanafunzi hao alama, na ni vigumu kwao kukukatalia. Fomu ya ridhaa iandikwe kwa lugha ambayo mzazi anaisoma, na kwa asiyesoma, isomwe na mtu mwingine asiye wewe. Ieleze waziwazi kwamba kukataa hakutaathiri alama. Kibali cha chuo huchukua muda, na shule nayo ina kalenda yake, kwa hiyo wasilisha maombi muhula mmoja kabla ya tarehe unayotaka kuanza kukusanya data. Msimamizi umchague kwa kuangalia kama husoma kazi za wanafunzi wake na kuzirudisha kwa wakati, waulize waliotangulia.

Hatua ya 10: Linda muda wako

Anayesoma kwa muda wote huku akifundisha vipindi vyote huchoka kabla ya muhula wa pili. Ikiwezekana, soma kwa muda wa ziada na ueneze kozi kwa miaka mitatu, au uombe shule ikupunguzie vipindi ukiahidi kuwafundisha wenzako utakayoyapata. Weka ahadi hiyo kwa maandishi pande zote mbili.

Hatua ya 11: Panga muhula wa kwanza baada ya kuhitimu

Shule nyingi humkabidhi mhitimu wanafunzi wote wenye lugha nyingi, wakakusanywa chumba kimoja pamoja naye, na walimu wengine wakajiona wameachiliwa wajibu. Likatae jambo hilo kwa upole na mapema. Pendekeza badala yake kwamba uchague mwalimu mmoja wa hisabati au wa sayansi aliye tayari, mkae pamoja saa moja kila wiki, mwandae somo moja lenye malengo mawili, mlifundishe wote wawili, kisha msome kazi za wanafunzi mkiwa meza moja. Mwishoni mwa muhula mtakuwa na maandalio kumi hivi yaliyojaribiwa, pamoja na mwalimu wa pili anayeweza kuyaeleza kwa wa tatu. Na siku ya kwanza ya muhula huo fungua daftari jipya, umpe kila mwanafunzi ukurasa wake.